Umeme Ukikatika, Kaa Barazani

Juzi umeme ulikatika baada ya Isha. Kijana wa jirani akawa anapita vichochoroni na simu mkononi, anauliza nani ana jenereta. Nilimwonea huruma, kwa sababu na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Tarehe 10 Desemba 2009 Unguja iliingia gizani, na giza hilo likadumu hadi Machi 2010. Umeme wetu hutoka bara kwa kebo inayopita chini ya bahari hadi Ras Fumba, na iliyokuwepo wakati ule ilikuwa ya mwaka 1980. Kuanzia Mei 2008 tulishakaa karibu mwezi mzima bila umeme, kwa hiyo mara hii nilijua yanayokuja, nikakimbia. Nilipanda boti kwenda Dar, nikakaa wiki moja mbele ya feni ya ndugu yangu. Niliporudi nikaenda kulala kwa rafiki mwenye jenereta. Mafuta yaliisha usiku wa manane, na kila nikirudi kwangu joto nililiona limezidi.

Bibi mmoja wa mtaani kwetu, Mji Mkongwe, akaniambia: "Mwanangu, mbona wahangaika? Joto la kaskazi utalikimbilia wapi? Keti."

Nikaketi. Kilichonisaidia mwanzo ni kuacha kuuliza umeme utarudi lini. Kila siku kulikuwa na uvumi mpya, leo wiki ijayo, kesho mwezi ujao, na kule kusubiri kulinichosha kuliko joto lenyewe.

Mchana funga madirisha ya upande wa jua; kuta zetu za mawe na chokaa ni nene, zinasaidia. Magharibi fungua yote, nyunyiza maji sakafuni, tandika mkeka. Kisha lala chali na usipambane. Usiku wa kwanza nililifuatilia jasho langu: lilianzia nyuma ya masikio, likateremka shingoni, likatuama kwenye kishimo cha koo. Mkono ulitaka kulifuta, nikauzuia. Baadaye kaupepo ka uwani kakapita, pakapoa hapo tu, padogo kama sarafu. Nililala.

Pampu za maji nazo zilikuwa zimesimama, kwa hiyo alfajiri nilikwenda kisimani na madumu mawili. Samaki nilinunua Darajani wa kula siku hiyo hiyo, kwani friji ilikuwa kabati tu.

Simwambii mtu anyamazie shida. Mwenye mgonjwa anayetegemea dawa ya kuwekwa kwenye baridi autafute umeme kwa kila njia, na kebo ya megawati 100 ilipokamilika mwaka 2013 nilifurahi kama wenzangu. Ninayemwambia akae ni yule ambaye, kama mimi, ameshafanya yote yaliyo mikononi mwake na bado anazunguka.

Basi yule kijana nilimwita, nikamsogezea nafasi barazani.

"Ami, umeme utarudi saa ngapi?"

"Sijui. Hebu kaa kwanza."

Akakaa. Kila dakika aliwasha simu kutazama chaji iliyobaki, kisha akaiweka kifudifudi juu ya jiwe. Juu yetu, dirishani, mtu alikuwa anakoroga chai, na kijiko tulikisikia kikigonga kikombe.