Kutoka Mkutano wa Mtaa Hadi Baraza la Madiwani: Namna ya Kuisukuma Kero Isifie Njiani

Mkazi wa Nyankumbu akiketi kwenye kijiwe cha kahawa anaweza kukutajia kero kumi za mtaa wake kabla kikombe hakijaisha. Muulize ni ipi kati ya hizo imeandikwa kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa, atakutazama tu. Kero isiyo na muhtasari diwani hawezi kuibeba, Mkurugenzi hawezi kuitengea fedha, na mgodi hauwezi kuiweka kwenye mpango wake. Mwongozo huu ni wa mkazi wa kawaida wa Geita, Kahama au Shinyanga anayetaka hoja yake itembee kutoka chini ya mwembe hadi ukumbi wa halmashauri, na irudi na jibu.

Hatua ya 1: Jua kero ni ya nani

Nusu ya kelele za mikutano ya mitaa huelekezwa kwa mtu asiyehusika. Mwenyekiti wa mtaa anabanwa kuhusu barabara iliyokatika, wakati barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA tangu 2017, na barabara kuu ziko chini ya TANROADS. Maji ya bomba mjini Geita ni ya GEUWASA, Shinyanga ni SHUWASA, Kahama ni KUWASA. Vijijini ni RUWASA, iliyoanza 2019. Umeme kila mtu anajua ni wa nani. Halmashauri inabaki na shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, masoko, minada, stendi, taka, viwanja na leseni za biashara.

Ukanda wetu una kero moja ambayo mitaa ya Dar es Salaam haiijui: karasha linalosaga mawe ya dhahabu usiku kucha nyuma ya nyumba yako. Hili lina milango mitatu. Leseni ya uchenjuaji ni ya Tume ya Madini. Vumbi, kelele na maji yenye zebaki ni ya NEMC. Matumizi ya eneo, yaani kama kiwanja kile kilipimwa kwa makazi au viwanda, ni ya halmashauri. Anza na huo mlango wa tatu, maana ndio ulio karibu, na ofisa mipango miji anaweza kufungua ramani mbele yako. Mitetemo ya milipuko ya mgodi mkubwa, ambayo wakazi wa Katoma na Nyamalembo wameilalamikia kwa miaka mingi kwa sababu ya nyufa za nyumba, ni jambo zito zaidi. Hilo halimalizwi na mtaa. Linahitaji mkoa na wizara, ila hata huko utaulizwa: mtaa wenu uliazimia nini, na lini?

Ukiwa Katoro au mji mdogo mwingine, muundo hubadilika kidogo. Huko kuna vitongoji na mamlaka ya mji mdogo chini ya halmashauri ya wilaya. Njia ya hoja ni ileile, ngazi tu ndizo zinabadilika majina.

Hatua ya 2: Wahi kalenda

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Watu wengi husubiri Bunge la bajeti Aprili ndipo wachangamke, na kufikia hapo mlango umeshafungwa. Mapendekezo ya mitaa na vijiji huanza kukusanywa miezi ya mwisho ya mwaka, halmashauri huandaa rasimu na kuipitisha mwanzoni mwa mwaka unaofuata, kisha rasimu hupanda wilayani, mkoani na TAMISEMI kabla ya kufika bungeni. Kwa lugha nyepesi: hoja ya darasa la mwaka ujao iwe imepita kwenye kata kabla ya Krismasi.

Hapo ndipo penye ugumu wa kwetu. Novemba na Desemba mvua zimeanza, watu wako mashambani kwenye mahindi, mpunga na pamba. Tena rashi ikitokea machimboni, vijana wa mtaa mzima huhama kwa wiki moja. Kwa hiyo mkutano wa kuamua mambo ya bajeti uitishwe Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Mjini Geita huo ndio msimu wa maonesho ya teknolojia ya madini pale Bombambili, viongozi wote wako mjini, na ni wakati mzuri wa kumnasa diwani wako ana kwa ana.

Hatua ya 3: Mkutano na muhtasari

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Viongozi wa mitaa, vijiji na vitongoji walioko madarakani walichaguliwa Novemba 27, 2024, kwa kipindi cha miaka mitano. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi mitatu, na mitaa nayo ina ratiba yake. Mwombe mtendaji ratiba hiyo. Yeye ndiye katibu, kalamu iko mkononi mwake, na bila yeye mwenyekiti mwenye nia njema hawezi kukusaidia sana.

Peleka hoja yako kwa maandishi kwa mtendaji kabla ya siku ya mkutano, uombe iwe ajenda inayojitegemea. Usikubali itupwe kwenye "mengineyo". Mengineyo hufika saa kumi na mbili jioni, kina mama wameshaondoka kwenda kupika na mwenyekiti anatafuta namna ya kufunga.

Pili, watu waje. Mikutano mingi huahirishwa kwa sababu akidi haikutimia, na ajabu ni kwamba hapa ndipo ulinzi wa sungusungu ulipozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Usiku wa manane mwano wa hatari ukipigwa, kila nyumba inatoa mtu. Mkutano wa maendeleo hauna mwano, hivyo utengenezeeni wa kwenu: tangazo la spika jioni kabla, ujumbe kwenye kundi la simu la mtaa, matangazo kanisani na msikitini, na mabalozi wapite nyumba kwa nyumba. Wachimbaji wakumbukwe pia. Mkutano wa saa nne asubuhi ya Jumatano haumpati mtu wa duarani.

Siku yenyewe, ukipewa nafasi, sema kwa ufupi. Salamu za itifaki za kwetu ni ndefu: "Mheshimiwa Mwenyekiti, Mtendaji wetu, wazee wetu, mama zetu, mwangaluka." Salimia, heshima ni muhimu, kisha ingia kwenye jambo. Taja tatizo, taja idadi uliyohesabu mwenyewe, taja mnachoweza kuchangia, taja mnachoomba. Mwishoni omba mwenyekiti apigishe kura ya mikono.

Sasa sikiliza azimio linavyoandikwa. Sentensi kama "Wananchi walilalamikia uhaba wa madarasa" ni kaburi la hoja yako. Haina mwenye kuitekeleza. Omba iandikwe hivi:

"Mkutano Mkuu wa Mtaa umeazimia kujenga madarasa mawili ya shule shikizi kwenye eneo la mtaa lililotengwa. Wananchi watachangia mawe, mchanga, maji na nguvu kazi hadi hatua ya lenta. Halmashauri inaombwa kupaua na kukamilisha. Mtendaji awasilishe azimio hili kwenye kikao kijacho cha Kamati ya Maendeleo ya Kata."

Muhtasari usainiwe na mwenyekiti na mtendaji, ugongwe muhuri, na uambatanishwe na orodha ya mahudhurio. Omba nakala. Ukizungushwa, andika barua ya heshima ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mtunza taarifa siku 30 za kukujibu. Sijaona haja ya kuianza safari kwa kutishiana sheria, lakini ni vizuri mtendaji ajue unaijua.

Kuhusu michango, kuweni wangalifu. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango shuleni baada ya watoto kurudishwa nyumbani kwa kutolipa. Mchango wa ujenzi ni wa wazazi na wakazi, uamuliwe mkutanoni, ukusanywe na kamati yenye daftari na stakabadhi, na mtoto asiguswe.

Hatua ya 4: Kata

Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wengi huiita WDC, inaongozwa na diwani, mtendaji wa kata akiwa katibu. Wenyeviti wa mitaa au vijiji vyote vya kata ni wajumbe, na hapo darasa lenu linashindana na kalavati la mtaa jirani. Kata hutuma vipaumbele vichache tu. Mwenyekiti wenu aende na muhtasari mkononi na picha mbili tatu za boma lililokwisha kuanza. Kata hupenda mtaa ulioanza. Serikali kwa miaka mingi imekuwa ikimalizia maboma ya wananchi, na boma la tofali linalosimama hubishana vizuri kuliko mwenyekiti yeyote.

Hatua ya 5: Chagueni mfuko

Usiandike tu "tunaomba fedha". Fedha za halmashauri zina mifuko, na kila mfuko una mlango wake.

Mapato ya ndani hutokana na ushuru wa masoko na minada, leseni na ushuru wa huduma. Hapa ndipo penye ushindani mkubwa. Katika mapato hayo kuna asilimia 10 iliyotengwa kisheria tangu 2018 kwa mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi cha mama lishe wa Kambarage au cha vijana wa kuchomelea mageti Nyihogo kinaanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, kikiwa na katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Mradi mmoja unaoeleweka hushinda ndoto tano.

Mfuko mwingine ni wa kwetu hasa. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanautaka mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri, kwa kufuata vipaumbele vya halmashauri. Kanuni zake zilitolewa 2023. Geita, mpango wa mgodi wa GGML wa mwaka 2018 ulikuwa wa takriban Sh bilioni 9.2, zikigawanywa kati ya mji na wilaya. Zingatia neno vipaumbele. Mgodi hauchukui maombi yaliyopelekwa getini na kundi la vijana. Unachukua orodha iliyopitishwa na Baraza. Mtaa unaopeleka barua mgodini bila kupita kata unapoteza mwaka.

Tena msiweke kila kitu kwenye kapu la mgodi. Mgodi wa Buzwagi ulisimamisha uzalishaji 2021, na Mwendakulima na Kahama nzima walibaki kuhesabu kilichokwishajengwa. Madarasa, zahanati na visima hubaki baada ya mgodi kufungwa. Mafuta ya magari ya ofisi hayabaki. Diwani akiwauliza mtaa unataka nini, hilo lizingatiwe.

Hatua ya 6: Ukumbini

Baraza la Madiwani hukutana kwa kawaida kila robo mwaka, na mikutano yake ni wazi kwa wananchi isipokuwa likiamua vinginevyo. Huruhusiwi kuchangia, lakini kuonekana kunatosha. Madiwani husema tofauti wakiona wapiga kura wao wameketi nyuma na nakala za muhtasari mapajani.

Kabla ya hapo, kazi halisi hufanyika kwenye kamati za kudumu, hasa ya fedha. Diwani wako anahitaji kuijua hoja wiki mbili kabla haijafika kule. Mpigie simu. Usimtukane kwenye kundi la simu kisha ukategemea akutetee kesho yake.

Hatua ya 7: Fedha zikifika

Miradi mingi ya mitaa hujengwa kwa mafundi wa eneo, na mtaa huunda kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Msiweke watu walewale kwenye kamati zote tatu. Anayenunua saruji asiwe anayeihesabu inaposhushwa.

Mapokezi ndipo wizi mdogo hujificha. Nondo zipimwe unene kabla gari halijaondoka. Mabati yaangaliwe geji. Mchanga wa Geita una shida yake pia: mabaki ya mialo yanayobebwa kama mchanga wa bure yanaweza kuwa na zebaki, na si ya kujengea darasa la watoto. Fundi asilipwe awamu ya mwisho kabla mjumbe mmoja wa kamati hajapanda juu kuona mbao za kenchi na mwingine hajakagua vyoo. Vyoo husahaulika kila mara.

Kisha mtendaji asome mapato na matumizi ya mradi kwenye mkutano unaofuata, kiasi kwa kiasi, na stakabadhi ziwepo mezani. Nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa, na mtu aipige picha kwa simu siku hiyohiyo.