Keki ya wakubwa kwenye kikombe cha karatasi

Wauza keki wenzangu, leo tuongelee charlotte russe. Ni kitindamlo cha Wafaransa, kinahusishwa na mpishi Antonin Carême aliyekuwa akipikia wakubwa wa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1800. Unapanga vipande vya keki ya sponji, virefu kama vidole, kuzunguka bakuli. Katikati unajaza krimu yenye kastadi na jelatini, unaweka kwenye friji mpaka ishike, kisha unaipindua kwenye sahani. Inasimama yenyewe, inapendeza kweli. Ila kuiuza mtandaoni ni kazi! Mpe bodaboda jua la saa saba uone kama haitafika imelala.

Sasa angalia wauzaji wa New York, hasa Brooklyn, nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Bakuli waliachana nalo. Walichukua kikombe cha karatasi ngumu, chini kipande cha sponji, juu krimu ya kutosha na cheri moja. Kitako cha kikombe kilisogea: unasukuma kwa kidole, keki inapanda. Sahani ya nini tena? Hata mtoto mwenye vijisenti akawa mteja.

Mimi natumia vikombe vya plastiki vyenye mfuniko, maana tabaka zikionekana status inajiuza. Hesabu iko hivi: tuseme keki nzima imekugharimu 24,000, ukapata vikombe 12. Kila kimoja ni 2,000, ongeza kikombe na kijiko 400. Ukiuza 4,000 umebaki na 1,600, hapo gesi na muda wako bado. Usiuze 3,000 eti jirani anauza hivyo.

Jelatini loweka kwanza kwenye maji baridi dakika tano, halafu iyeyushe moto mdogo. Isichemke, itapoteza nguvu. Na wateja wengi watauliza kama ni halali, wana haki. Nanunua ya ng'ombe yenye nembo ya halali, picha ya pakiti naiweka kwenye tangazo kabla sijaulizwa.

Oda nafunga saa mbili usiku, napeleka asubuhi kwenye boksi la barafu. Juu ya mfuniko naandika "kula leo". Aliye mbali zaidi ya nusu saa simpelekei, hata akiongeza nauli.