Hatari na Kipimo Chake
Somo: Mathayo 4:5-7



Tarehe 20 Januari 2025 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia Biharamulo. Nasi tukaao Tinde, penye njia panda, ambako magari yatokayo huko kwa njia ya Kahama hupita mchana na usiku, yatupasa kuuliza: mtu aipimeje hatari yake mwenyewe?

Tutazame hesabu. Biharamulo waliugua watu 10, wakafa wote; tarehe 13 Machi ikatangazwa kwamba umekwisha. Mwaka 2023, huko Bukoba Vijijini, waliugua 9, wakafa 6, na mmoja wao alikuwa mhudumu wa afya. Ni ugonjwa mkali mno. Lakini njia yake ni nyembamba: hauenei hewani kama Uviko, bali hupita kwa damu, matapishi na maji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Basi aliyeketi garini karibu na mtu mwenye afya hana la kuogopa. Bali amwuguzaye mgonjwa kwa mikono mitupu, na aoshaye maiti, hao wamo hatarini hasa. Vivyo hivyo achimbaye dhahabu katika shimo lenye popo. Huko Durba, Kongo, tangu 1998 hata 2000 waliugua watu 154, wakafa 128, na wengi walikuwa wachimbaji. Ndugu zetu wa Geita wayasikie haya. Naye akeshaye kwa hofu ya Marburg, hali chandarua chake kimekunjwa, amekosea kipimo. Malaria haingoji kutangazwa.

Sasa tulitazame Neno. Ibilisi alipomtaka Yesu ajitupe chini kutoka hekaluni, alitumia Zaburi ya 91, ile ile tuisomayo wakati wa tauni. Ahadi ni ya kweli. Matumizi yake ndiyo yaliyokuwa ya uongo. Akataaye kunawa mikono kwa kuwa Bwana atamlinda, asimama juu ya kinara kile kile.

Martin Luther naye aliulizwa na wachungaji wa Breslau kama ni halali Mkristo kukimbia tauni. Akajibu kwa waraka mwaka 1527, tauni ikiwa imeingia Wittenberg kwake. Hakumhukumu akimbiaye, iwapo hamwachi mtu amtegemeaye. Lakini mchungaji na mtawala aliwafunga kwa wajibu wao. Wenye kudharau dawa aliwakemea kwamba wamjaribu Mungu. Yeye mwenyewe alibaki mjini.

Lililo gumu kwetu ni mazishi. Mama asioshwe na binti zake! Huo ni uchungu, wala siuiti mdogo. Hata hivyo mchungaji aweza kuisoma ibada yote akisimama mbali na kaburi, na wenye mavazi ya kinga wakazika.

Wainjilisti, ulizeni darasani: aliyemgusa mgonjwa akiwekwa chini ya uangalizi siku 21, ni nani katika usharika wetu atakayempelekea chakula hata mlangoni?