KIAMBAZA NA MASIKA: UKUTA GANI UNATUFAA HUKU GARSEN?

Mwaka huu mwalimu mlezi alitutaka kila mwanachama aandike juu ya kazi anayoijua kwa mikono yake, si kwa kusikia. Wenzangu wameandika juu ya uvuvi na ufugaji. Mimi nimechagua ukuta. Msicheke kwanza, someni.

Kiambaza, kwa wale wanaotoka mijini, ni ukuta wa nguzo na fito zilizofungwa pamoja, kisha ukajazwa udongo. Kazi yake ina hatua tatu, na Kiswahili chetu kina neno kwa kila hatua. Kukandika ni kujaza udongo kwenye fito. Kutomea ni kuziba mianya kwa vijiwe na udongo. Kusiriba ni kupaka udongo laini juu yake, ukuta upate uso. Watu wengi siku hizi husema "kupiga lipu" tu kwa yote, na nadhani hapo ndipo makosa huanzia, kwa sababu asiyetofautisha maneno hatofautishi kazi.

Mto Tana ulipofurika Novemba 2023, maji yalisimama uwanjani kwetu siku nyingi. Tuna nyumba mbili, ya bibi na ya mjomba, zote za kiambaza. Udongo wa chini uliporomoka kotekote. Maji yalipokauka, mjomba akauza mbuzi, akanunua saruji na kumwita fundi. Fundi akamwambia, "Mzee, ukipiga saruji juu ya udongo, maji hayakugusi tena." Nyumba ikapendeza kweli. Bibi yeye alikandika tena kwa udongo, akasiriba, basi. Nakiri kwamba mimi niliionea aibu nyumba ya bibi.

Ikaja masika ya Aprili 2024. Usiku mmoja kipande cha saruji, kikubwa kama mlango, kikabanduka ndani ya chumba na kuangukia kitanda cha mdogo wangu. Bahati yake usiku huo alilala kwa bibi. Asubuhi mjomba alikaa barazani hakusema neno hadi saa nne.

Kwa nini kilibanduka? Udongo hunywa maji ukavimba, ukikauka hunywea. Saruji haina mchezo huo, ikishaganda imeganda. Kwa hiyo udongo unapocheza nyuma yake, saruji hupasuka ufa mwembamba kama unywele. Mvua huingia kwenye ufa, lakini haipati njia ya kutoka, kwa maana saruji haipumui kama udongo. Udongo wa ndani hugeuka uji na saruji hubaki imening'inia peke yake. Ukitaka kitu kigumu kidogo juu ya udongo, chokaa ni afadhali, kwani huacha unyevu upite. Wazee wa Lamu waliijua. Nyumba zao za mawe ya matumbawe zilipigwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, na nyingine zimesimama karne na karne.

Baada ya hapo nilifanya majaribio yangu nyuma ya jiko. Udongo mweusi wa huku deltani una mfinyanzi mwingi. Nilipoupaka peke yake, siku ya tatu nyufa zilitosha kuingiza kidole. Nikaongeza mchanga: ndoo mbili za udongo kwa tatu za mchanga, pamoja na majani makavu ya mpunga yaliyokatwakatwa. Hapo ukashika. Usichukue kipimo changu kama amri, maana udongo wa Tarasaa si wa Minjila. Pima wako hivi: tia udongo nusu chupa inayoonekana ndani, jaza maji, tikisa sana, uache hadi kesho. Mchanga hutua chini kwanza, mfinyanzi hubaki juu. Utaona kwa macho umekosa nini.

Bibi huongeza samadi ya ng'ombe katika udongo wa kusiriba, akauacha mchanganyiko ulale siku mbili tatu. Harufu? Ipo, lakini ukikauka inaisha. Na husubiri ukandikaji ukauke kabisa, upasuke unavyotaka, aitomee mianya ndipo asiribe. "Mjukuu wangu," aliniambia, "ukuta ni kama mtoto, mwache alie amalize ndipo umwoshe uso."

Kutunza ni jambo dogo lakini la kila mwaka. Upande unaopigwa na kusi huliwa kwanza, kwa hiyo huko upenu uwe mrefu, angalau mkono mzima. Chini ya ukuta, matone yanayoruka kutoka ardhini huula udongo polepole. Inua msingi na umwage kokoto. Kagua vijia vya mchwa kila mwezi na uvivunje. Nguzo za mkoko ndizo hodari dhidi ya mchwa, ila tangu Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, wengi wetu tuligeukia mathenge, ambao umejaa tele na hauna mwenyewe.

Mabati? Yanasimama upesi, lakini jaribu kulala humo mchana wa Februari. Matofali ya saruji ni mazuri kwa mwenye pesa na uwanja wa juu.

Sitawadanganya kwamba udongo unashinda mto. Mei 2024 maji yalirudi hadi magotini na ukuta wa bibi ukaanguka tena sehemu ya chini. Lakini nguzo na fito zilibaki, na udongo uleule ulioanguka tuliukanyaga upya. Wiki mbili tu, bila shilingi. Kwa mjomba ilibidi tuvunje mabaki ya saruji kwa nyundo kwanza, na fito nyingi zilikuwa zimeoza nyuma yake bila mtu kujua.

Mpaka naandika haya tumebandua pande tatu. Umebaki ule wa kusi, na mjomba anataka uishe kabla ya masika. Udongo uko tayari uwanjani, tumeufunika kwa turubai.