Mwangwi na Shujaa Asiyeona

Mnamo tarehe 4 Machi 2025 ulianza kuonyeshwa, kwa njia ya intaneti, mfululizo wa filamu uitwao Daredevil: Born Again. Asili yake ni katuni za Kimarekani zilizoanza kuchapishwa mwaka 1964. Mhusika mkuu, Matt Murdock, ni mwanasheria wa New York aliyepofuka utotoni baada ya kuingiwa machoni na kemikali yenye mionzi ya atomiki. Hadithi yasema kuwa mionzi hiyo hiyo ilimzidishia hisi nyingine, hata akaweza kutambua vitu vilivyomzunguka pasipo kuviona. Je, sayansi yasemaje?

Kuhusu mionzi, jibu ni fupi. Mionzi ya atomiki huharibu chembe hai za mwili. Yaweza kuunguza ngozi na kuleta mtoto wa jicho au saratani. Hainoi masikio ya mtu.

Kutambua vitu kwa kusikia, hata hivyo, ni jambo la kweli. Zamani ilidhaniwa kuwa wasioona huhisi ukuta kwa ngozi ya uso. Mwaka 1944 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa watu wakizibwa masikio hushindwa kuutambua ukuta ulio mbele yao. Ikadhihirika kuwa kinachowaongoza ni mwangwi.

Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 343 hivi kwa sekunde. Mtu aliye mita 1.7 kutoka ukutani akipiga mlio mfupi kwa ulimi, sauti huenda na kurudi, jumla mita 3.4, na mwangwi humfikia baada ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Asiyezoea husikia sauti moja tu. Aliyejizoeza hutambua badiliko lililomo katika sauti hiyo.

Uwezo huu una mipaka. Mlio wa ulimi huwa na mitetemo kama 3,000 kwa sekunde. Tukigawanya 343 kwa 3,000 twapata wimbi lenye urefu wa sentimita 11 hivi, na kitu chembamba sana kuliko wimbi hurudisha mwangwi hafifu. Popo atumiaye mitetemo 50,000 hupata wimbi la milimita 7, ndiyo maana hukamata wadudu gizani. Mtu aweza kutambua ukuta au gari lililosimama, lakini si kamba nyembamba wala shimo dogo njiani. Kwa hiyo fimbo nyeupe haiachwi.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walitoa taarifa ya mafunzo ya majuma 10 waliyowapa watu 12 wasioona na 14 wanaoona, wenye umri wa miaka 21 hadi 79. Umri mkubwa haukuwa kizuizi. Miezi mitatu baadaye, asilimia 83 ya wale wasioona walieleza kuwa wamezidi kujitegemea.

Hapo ndipo hadithi na sayansi zinapoachana. Katika hadithi, uwezo huletwa na ajali iliyompata mtu mmoja. Katika majaribio, huletwa na mazoezi, nao uko wazi kwa wengi. Basi mzazi au mwalimu wa mtoto asiyeona asiharakishe kumkemea anapopiga ulimi au kugonga-gonga vitu, akidhani ni utovu wa adabu. Huenda mtoto huyo anajifunza njia.