Mpaka wa Jirani na Haki ya Mwamini

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 26:12-31; Hesabu 27:1-11; Kumbukumbu la Torati 19:14; Yeremia 32:6-14; Mathayo 18:15-17; Matendo 25:10-12; 1 Wakorintho 6:1-8.

Kuanzia milima ya Upare hadi tambarare ya Kileo, ugomvi wa majirani mara nyingi huhusu mambo mawili: mpaka na maji. Milimani wazee walichimba ndiva za kukusanya maji, na maji hayo yakafunguliwa kwa zamu kupitia mifereji. Tambarare nako mkulima akikosa zamu yake, amekosa mavuno. Na kwa kuwa ujumbe wa Waadventista ulifika Upare mwaka 1903, pale Giti, si ajabu wagomvi wawili wakawa wanaketi benchi moja siku ya Sabato.

Soma Mwanzo 26:17-31. Isaka alifanya nini walipomgombania visima? Alisema nini Abimeleki alipomjia?

Watumishi wa Isaka walichimba Eseki, wakagombaniwa. Wakachimba Sitna, wakagombaniwa tena. Isaka alisogea mpaka Rehobothi, mahali pa nafasi. Fungu hili hupendwa sana na wapatanishi, na ni haki yake. Lakini mambo mawili husahaulika. Kwanza, Isaka alikuwa na mahali pa kwenda. Mwenye ekari moja hana Rehobothi. Pili, Abimeleki alipokuja, Isaka hakujifanya kwamba hakukosewa. Alimwuliza waziwazi kwa nini amekuja ilhali walimchukia na kumfukuza (fungu la 27). Ndipo wakala, wakanywa, wakaapiana. Amani ile ilipatikana baada ya kosa kutajwa.

Chukua mfano wa mjane ambaye jirani yake, mshiriki mwenzake, ameng'oa masale ya mpakani na kulima hatua nne ndani ya shamba lake. Anapolalamika anaambiwa, "Mama, sisi ni wa imani moja, usipeleke mambo ya kanisa barazani." Naye ananyamaza, msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Soma 1 Wakorintho 6:1-8. Paulo anamkemea nani katika fungu la 8?

Ni kweli kwamba Paulo anaona aibu ndugu kushitakiana mbele ya wasioamini, na anauliza kama si afadhali kudhulumiwa. Lakini hasemi hivyo ili mdhulumu astarehe. Anataka awepo mtu mwenye hekima ndani ya kanisa wa kuamua, kisha anawageukia wale wanaodhulumu ndugu zao. Kanisa linalomnyamazisha mjane bila kumwita aliyeng'oa masale limesoma nusu ya fungu. Paulo mwenyewe, alipoona haki haipatikani, alitumia haki yake ya uraia na kukata rufani kwa Kaisari (Matendo 25:10-12).

Kwa hiyo mpangilio wa Mathayo 18 ndio wa kuanzia: wawili peke yao, halafu mashahidi, halafu kanisa. Kanuni ya Kanisa nayo huhimiza tofauti za washiriki zisuluhishwe ndani ya kanisa. Ikishindikana, au jirani akiwa si wa imani, sheria ya nchi ina mlango unaofanana sana na Mathayo 18.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kupatanisha, halimlazimishi mtu. Asiyeridhika huenda Baraza la Kata. Hapa wengi hukosea, kwa kuwa bado wanakumbuka utaratibu wa zamani: tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya ardhi, bali husuluhisha. Likishindwa, hutoa cheti. Na siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila cheti hicho. Asiyeridhika na uamuzi huo wa wilaya ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Mahakama ya Mwanzo haiamui nani mwenye ardhi, ingawa watu hupoteza nauli nyingi kwenda huko.

Kunyamaza nako kuna gharama. Sheria ya Ukomo ya 1971 inampa mtu miaka 12 ya kudai ardhi aliyonyang'anywa. Na kama shamba ni la marehemu, anayedai kwa niaba ya mirathi ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Mjane anayesubiri "mambo yatulie" bila kufungua mirathi anajifungia mlango. Asiye na fedha anaweza kuwatafuta wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kikao kikipangwa siku ya Sabato, mshiriki aombe siku nyingine mapema, kwa maandishi, asingoje asubuhi ya kikao.

Soma Yeremia 32:9-14. Kwa nini nabii alijali sana mashahidi na mahali pa kutunzia hati?

Yerusalemu ulikuwa umezingirwa, naye Yeremia anapima fedha, anatia muhuri, anaita mashahidi, kisha anaagiza hati iwekwe katika chombo cha udongo ili idumu. Kuandikishiana hakukuonekana kama kukosa imani. Mkulima wa leo ana hatimiliki ya kimila kutoka kijijini, au walau karatasi ya mauziano yenye sahihi za majirani wa pande zote nne.

Binti za Selofehadi hawakuwa na karatasi. Walikuwa na hoja, wakaisema mlangoni pa hema mbele ya Musa na wakuu wote, na Bwana akasema wamenena haki (Hesabu 27:1-7). Sheria ya 1999 nayo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Ukoo ukimwambia mjane arudi kwao, hausemi kwa niaba ya sheria, wala ya Musa.

Maswali ya kujadili:

1. Wazee wa kanisa wakijua kwamba mmoja wao ndiye aliyesogeza mpaka, waanzie wapi? Linganisha na Kumbukumbu la Torati 19:14.

2. Ni wakati gani mwamini afanye kama Isaka na kusogea, na ni wakati gani asimame kama binti za Selofehadi? Toeni mifano ya zamu ya maji na ya mpaka.

3. Katika darasa lenu, ni wajane wangapi ambao mirathi ya waume zao bado haijafunguliwa, na nani atakwenda nao mahakamani juma hili?