Kazi ya Uhadhiri wa Muziki: Mwongozo kwa Mtu wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Vyuo vikuu vya Kenya vinavyojulikana kwa kufundisha shahada ya muziki viko huko bara. Kenyatta iko Kahawa, kwenye barabara ya Thika. Maseno iko karibu na Kisumu, Kabarak iko Nakuru, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kiko katikati ya Nairobi. Daystar nayo ina idara yake. Kwa hiyo mtu wa Likoni, Kisauni au Changamwe aliyesomea muziki hadi uzamili au uzamivu huomba kazi mbali na kwao, kwa jopo ambalo huenda halijawahi kusikia filimbi ya chivoti ikipulizwa. Mimi naamini umbali huo unaweza kuwa nguvu yake kubwa, akijua kuutumia. Lakini tuanze na tangazo na karatasi, maana hizo ndizo huangusha wengi kabla muziki wao haujasikika.

Nafasi ya muziki haitangazwi kwa kishindo. Mara nyingi ni moja tu, imebanwa kati ya nafasi za uuguzi, uhandisi na uhasibu, na huenda neno muziki lisionekane kwenye kichwa. Itafute chini ya sanaa bunifu, sanaa za maonyesho, elimu ya sanaa, teknolojia ya muziki au etnomuzikolojia. Vyuo vya umma hutangaza kwenye tovuti zao na kwenye MyGov, gazeti la serikali linalotoka Jumanne. Jiwekee desturi ya kuipitia kila Jumanne, kwa simu au saibani, na ufungue ukurasa wa kazi wa kila chuo nilichotaja. Usingoje rafiki akutumie tangazo kwenye WhatsApp. Likikufikia kwa njia hiyo huwa limebakiza siku chache, na pengine limekatwa pale penye masharti.

Masharti yasome polepole. Tangu Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, yaani CUE, itoe vigezo vya kuajiri na kupandisha vyeo wahadhiri mwaka 2014, ngazi zinafanana karibu kote. Mwenye uzamili aliyesajiliwa kwa uzamivu huingilia kwenye uhadhiri msaidizi au nafasi ya mhadhiri mwanafunzi. Uhadhiri wenyewe, kwa kawaida, unataka shahada ya uzamivu. Kwa uhadhiri mwandamizi na zaidi, huhesabiwa miaka ya kufundisha, makala zilizochapishwa na wanafunzi wa uzamili uliowasimamia hadi wakamaliza.

Kuna sharti moja ambalo watu wengi hulipita mbio. Matangazo mengi yanataka shahada ya kwanza na ya pili ziwe za fani ileile au iliyo karibu nayo. Aliyesomea ualimu wa Kiswahili na Historia, kisha akafanya uzamili wa muziki, anaweza kuondolewa mezani hata kama anapiga udi vizuri kuliko wote. Ukiwa katika hali hiyo, mwandikie mwenyekiti wa idara mapema, kwa adabu na kwa ufupi, umweleze masomo ya muziki uliyoyapitia na uulize kama yanatosha. Ikiwa shahada yako ni ya nje ya nchi, anza kuitafutia utambulisho na ulinganisho wa CUE sasa, kabla tangazo halijatoka.

Karatasi nyingine ni za uadilifu, chini ya Sura ya Sita ya Katiba ya 2010: cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, cha kodi kutoka KRA, cha HELB, cha ofisi ya mikopo, na fomu ya EACC. Cha HELB huombwa hata kwa ambaye hakukopa shilingi. Alama za vidole unaweza kupigwa Huduma Centre ya Mombasa, kwa hiyo mtu wa Likoni akivuka feri asubuhi anaweza kumaliza shughuli hiyo na kurudi. Vyeti hivi huisha muda. Andika tarehe ya kila kimoja mahali unapopaona.

Hapa Pwani kuna jambo linalotusumbua kuliko wenzetu wa bara, nalo ni majina. Kitambulisho kinasema Abubakar, cheti cha KCSE kinasema Bakari, na shahada imeongeza jina la babu. Au bibi alisoma kwa jina la babake, kisha kitambulisho kikatoka na jina la mume. Karani wa chuo hamjui mtu huyo. Anaona watu wawili. Kaa na wakili akutayarishie kiapo, au hati rasmi ya kubadilisha jina ikiwa tofauti ni kubwa, na nakala yake uiambatishe kila unapoomba. Fanya hivyo mwaka huu hata kama hujaona tangazo lolote, kwa sababu matangazo mengi hukupa wiki mbili au tatu tu.

Sasa tuje kwenye muziki wenyewe.

Kila jopo la usaili linajiuliza kwa nini limchukue huyu na si yule. Waombaji kadhaa watakuwa na shahada zinazofanana, kutoka vyuo vilevile, na tasnifu kuhusu kwaya, benga au muziki wa injili. Mtu aliyekulia Likoni, Kisauni au Changamwe ana hazina ambayo wengine wangesafiri mbali kuifuata. Likoni na vijiji vya kusini yake kuna sengenya ya Wadigo na ngoma zake zilizopangwa kwa sauti. Kuna chivoti, kayamba, nzumari na bung'o. Kisauni kuna Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamishonari wa CMS katika miaka ya 1870, na huko ndiko kwa Mzee Joseph Ngala, baba wa muziki wa bango. Changamwe ni mji wa watu wa bandari na reli, ambako kwaya za Waluhya, Waluo, Wakamba na Wataita zimeishi ukuta kwa ukuta kwa miaka mingi. Misikitini na majumbani kuna maulidi na dufu. Juu ya yote kuna taarabu ya Mombasa, na ndani yake njia tofauti kabisa: Zein l'Abdin aliyeelekeza udi wake Uarabuni, Juma Bhalo aliyetia mashairi ya Kiswahili kwenye nyimbo za filamu za Kihindi, Zuhura Swaleh na chakacha yake.

Jopo lolote la Kenya linaweza kukumbushwa pia kwamba wimbo wa taifa unatoka Pwani. Tuni yake ni ya wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, na miongoni mwa watu watano walioutengeneza mwaka 1963 alikuwemo Thomas Kalume, mtu wa Pwani, pamoja na Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Omondi baadaye akawa mmoja wa waliojenga usomi wa muziki nchini na akaongoza tume ambayo kazi yake ilizaa Tume ya Kudumu ya Muziki ya Rais mwaka 1988.

Vitabu vinavyotajwa sana kuhusu muziki wa Waswahili vimeandikwa na wageni: Terence Ranger kuhusu ngoma ya beni mwaka 1975, Kelly Askew kuhusu Tanzania mwaka 2002, Andrew Eisenberg kuhusu Mombasa mwaka 2024. Ni kazi nzuri, zisome zote. Lakini inanichoma moyo kwamba mtoto wa Mtongwe, huko Likoni, anayejua maneno ya sengenya tangu utotoni huandika tasnifu kuhusu jambo lisilo lake kwa kudhani la kwao si la chuo kikuu. Andika lako. Chagua kitu kidogo na ukimalize. Kwa mfano, jinsi wapigaji wa sengenya wanavyopanga sauti za ngoma zao, au jinsi magita ya bango yalivyobadilika katika harusi za Kisauni. Chukua kibali cha utafiti cha NACOSTI kabla ya kurekodi. Waeleze wazee utafanya nini na sauti zao, waandike majina yao kwa idhini yao, na ukumbuke kwamba Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii. Tumia kinasa sauti kizuri, na nakala usiiweke kwenye simu peke yake.

Kisha chapisha. Jarida la African Music hutolewa na ILAM katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, taasisi iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954. Jarida liitwalo Muziki nalo hutoka Afrika Kusini. Swahili Forum husomwa bure mtandaoni na hupokea kazi za lugha na utamaduni wetu. Jihadhari na majarida yanayokuandikia barua pepe yakikusifu, yanataka dola zako na yanaahidi kuchapisha ndani ya wiki. Makala ya humo haitakusaidia, na jopo likilijua jarida hilo itakuharibia.

Hata hivyo, ngoma na taarabu pekee hazitoshi. Idara ndogo humtaka mhadhiri mmoja afundishe mengi: nadharia ya muziki kwa mwaka wa kwanza, upatanifu wa sauti, mafunzo ya kusikiliza, kinanda, kuongoza kwaya. Wanamuziki wengi wa kwetu ni wakali wa sikio na wadhaifu wa nota. Ukijijua hivyo, tenga mwaka wa kujirekebisha. MuseScore ni programu ya bure ya kuandikia nota, na Kenya Conservatoire of Music, iliyopo Nairobi tangu 1944, hufundisha na kuandaa watu kwa mitihani ya ngazi. Ukifika mahali unaweza kuisikiliza sengenya na kuiandika kwa nota ikasomeka, una kitu adimu mkononi. Kwenye wasifu wako taja kwa majina kozi unazoweza kuzifundisha kesho asubuhi. Mwenyekiti wa idara hutafuta hilo kwanza.

Taja pia ualimu. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na mkondo wa sanaa na michezo ni mmoja wa mikondo mitatu, muziki na densi vikiwemo. Shule zinahitaji walimu hao, na walimu hao wanahitaji wa kuwafundisha. Mwombaji anayeweza kuandaa mwalimu wa muziki ana sababu ya kusikilizwa leo kuliko miaka kumi iliyopita. Ukitaka kubaki karibu na nyumbani, Chuo cha Ualimu cha Shanzu kiko papo hapo Kisauni. Wakufunzi wa vyuo vya aina hiyo huajiriwa na TSC, na kazi hiyo si daraja la chini. Inakupa miaka ya kufundisha watu wazima, ambayo jopo la chuo kikuu litaihesabu. Kuhukumu kwenye Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, nako kunakukutanisha na wahadhiri wa vyuo mbalimbali.

Kuhusu kufundisha kwa muda, nashauri kwa tahadhari. Ni mlango, na wengi wameingilia hapo. Lakini vyuo vya umma vimekuwa na upungufu mkubwa wa fedha. Mwaka 2025 wahadhiri waligoma kwa wiki kadhaa wakidai malimbikizo ya mkataba wa 2017 hadi 2021, na hao ni walioajiriwa kwa kudumu. Wa muda husubiri zaidi. Usiingie darasani bila barua inayotaja saa, malipo na tarehe. Na usimtumie mtu yeyote pesa kwa M-Pesa ili upewe usaili. Anayedai pesa hizo ni tapeli, hata kama barua yake ina nembo ya chuo.

Barua ya maombi itakuwa kwa Kiingereza, ila iandike kwanza kwa Kiswahili ili ujue unachotaka kusema. Sentensi kama "nina ari ya kuendeleza muziki wa Kiafrika" haina uzito. Afadhali useme ulirekodi vikundi vingapi, wapi, ukagundua nini, na utaingizaje ugunduzi huo katika kozi ya mwaka wa pili. Wadhamini watatu uwaarifu kabla ya kuwataja, uwatumie tangazo na wasifu wako mpya. Barua nzito ya mdhamini haiandikwi kwa usiku mmoja. Fuata idadi ya nakala inayotakiwa na uandike namba ya nafasi juu ya bahasha.

Ukiitwa usaili, safiri siku moja kabla, iwe kwa treni kutoka Miritini au kwa basi. Maseno na Kabarak ni mbali zaidi ya Nairobi, kwa hiyo piga hesabu ya kulala njiani. Beba ala yako hata kama hawakuiomba. Tayarisha somo la dakika 15 kuhusu mdundo mmoja wa kwetu, uwafanye wanajopo wenyewe wapige makofi ya mipigo miwili tofauti mpaka waisikie inavyofungana. Wakikuuliza utafiti wako utapata fedha wapi, uwe na jibu lenye jina la mfuko na kiasi. Wakikuuliza kama utavumilia kuwa mbali na Pwani, jibu kwa ukweli na ueleze utakavyorudi likizoni kuendelea kurekodi.

Usiishie Kenya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu, Tumaini Makumira karibu na Arusha hufundisha muziki, na Uganda kuna Makerere na Kyambogo. Kwa Marekani, nafasi za kuanza Agosti hutangazwa kuanzia msimu wa vuli wa mwaka uliotangulia, kwenye orodha za College Music Society na Society for Ethnomusicology, na mtu anayeweza kuongoza kikundi cha wanafunzi wa taarabu hutazamwa vizuri.

Barua ya ajira ikija, isome mstari kwa mstari kabla ya kusherehekea: kipindi cha majaribio, daraja la mshahara, marupurupu ya nyumba, idadi ya saa za kufundisha, na kama chuo kitalipia kuhama kwako. Ukiona kimeandikwa kidogo kuliko mlichosema mezani, uliza kwa maandishi, na uweke sahihi baada ya kujibiwa kwa maandishi.